Jina Lako Liko Wapi Kwenye Chumba Hicho?

Barua kwa Shangazi

Barua za mwezi huu karibu zote ni za vyumba. Vyuo vinakaribia kufunguliwa, na Mbeya nzima, kuanzia Iyunga hadi Uyole, kila mtu anatafuta pa kulaza ubavu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika anatakiwa kutoa hela siku chache zijazo, na kwa sababu yaliyoandikwa humo nayajua kwa kuyapitia.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 23, kwetu ni Kyela. Tangu mwezi wa tatu nafanya kazi kwenye duka la dawa pale Kabwe, mshahara wangu Sh220,000, na ninaishi kwa baba mdogo Mbalizi. Sasa baba mdogo amehamishiwa Sumbawanga na nyumba anairudisha kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Hata kabla ya hilo nilishaanza kutafuta chumba mjini, maana nauli peke yake inanila karibu Sh40,000 kwa mwezi. Chumba cha peke yangu nimeona sikiwezi. Vile vya kueleweka nilivyooneshwa ni Sh60,000 na Sh70,000, na wenye nyumba wote wanataka miezi sita.

Dalali mmoja amenikutanisha na dada anayekaa Ilomba. Ana chumba kimoja kikubwa, kina dari na marumaru chini, choo na bafu viko nje mnachangia na wapangaji wengine. Anasema analipa Sh60,000 na anatafuta wa kushea naye, kila mtu Sh30,000. Anataka nimpe miezi sita yote mkononi, Sh180,000, kabla ya tarehe moja kwa sababu kodi yake inaisha. Dalali naye anadai Sh60,000 ya udalali. Nilipouliza habari ya mkataba, dada akasema mwenye nyumba ni mzee hana shida, yeye mwenyewe ndiye anayeongea naye, na nisijioneshe sana kwa mzee siku za mwanzo kwa sababu hapendi watu wengi. Dada ni mcheshi na msafi, kwa kweli nimempenda. Shangazi, nimpe hela?

Binti wa Mbalizi

*

Marahaba mwanangu. Hapana, usimpe. Inawezekana kabisa ni dada mwema na mkaishi vizuri miaka mitano, lakini kwa hali ilivyo leo hela yako isitoke.

Kwenye barua yako kuna maneno nimeyarudia mara tatu: nisijioneshe sana kwa mzee. Bei naiona ya haki, chumba kinaonekana kizuri, na Ilomba hadi Kabwe si mbali. Lakini mpangaji anayetakiwa kujificha kwa mwenye nyumba si mpangaji. Ni mgeni anayelipa.

Mimi nilikuja Mbeya mwaka 2003 kutoka Makete, juu ya Fuso la viazi, na cherehani ya marehemu mama imefungwa kwa kamba nyuma yangu. Nikapata kibaraza cha kushonea Mwanjelwa. Msichana aliyekuwa akishona kibaraza cha pili alikuwa na chumba upande wa Mama John, kodi Sh10,000 kwa mwezi, akaniambia tuchangie nusu kwa nusu. Nikafurahi sana. Nikampa Sh30,000 ya miezi sita mkononi, hela ya sare za shule nilizoshona Januari nzima hadi vidole vikatoka sugu. Mwenye nyumba nilikuwa namwamkia tu uani, basi. Sikuwahi kukaa naye, wala sikuona sababu.

Mwezi wa nne wa kukaa kwangu, Juni, jioni, mzee akabisha hodi. Mwenzangu alikuwa amesafiri kwao, siku ya tatu hiyo. Mzee alikuwa na daftari la kaunta lenye gamba jeusi. Akakaa kwenye kigoda, akalowesha kidole kwa mate, akafunua kurasa mojamoja hadi akafika ukurasa wa chumba chetu. Jina la mwenzangu lilikuwepo. Miezi mitatu iliyolipwa ilikuwepo, na sahihi pembeni. Chini yake hakukuwa na kitu. Nikamwambia, baba, mimi nimelipa mpaka mwezi wa nane. Akanitazama kwa huruma, nayo huruma ile ndiyo iliyonivunja nguvu, akaniuliza, "Umemlipa nani, mwanangu? Mimi niliambiwa wewe ni mdogo wake, umekuja kutibiwa hospitali ya Rufaa." Akaligeuza daftari nisome mwenyewe. Nikalisoma ukurasa mzima kuanzia juu hadi chini, kama vile nikilitafuta sana jina langu litatokea.

Alinipa siku tatu. Siku ya nne godoro langu na cherehani vilikuwa barazani kwa balozi wa nyumba kumi, na baridi ya Juni ya Mbeya unaijua, usiku inashuka chini ya nyuzi 10. Mwenzangu aliporudi alilia kuliko mimi. Hela ile ilikuwa imekwenda kwenye ada ya mdogo wake, akitegemea atairudishia kabla mzee hajadai. Hakuwa tapeli. Alikuwa mtu mwenye shida aliyeshika hela ya mwenzake bila mtu mwingine kujua. Ndiyo maana sikuambii kwamba huyo dada wa Ilomba ni mwizi. Nakuambia kwamba kwa utaratibu huo, hata akiwa mwema, siku akibanwa wewe ndiye utakayelala barazani.

Kwa hiyo kila anayeniambia amepata chumba cha kushea namuuliza kwanza: jina lako liko wapi? Liko kwenye daftari la mwenye nyumba? Liko kwenye mkataba? Elewa pia kwamba siku hizi hakuna anayempangia mwenye nyumba kodi. Ile Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi na masharti yake ni makubaliano ya watu wawili. Kama makubaliano yenyewe ni ya mdomo, tena ya mdomo wa mtu wa tatu, siku ya ugomvi huna cha kushika.

Sasa fanya hivi. Baba mdogo bado hajahama. Jumapili hii, watu wakishatoka kanisani, mwombe akusindikize Ilomba kwa yule mzee. Nenda na yule dada, usimzunguke, maana mnataka kuishi pamoja. Mwambie hivi: "Dada, chumba nimekipenda na wewe nimekupenda, lakini baba hataki nihame bila kumwona mwenye nyumba." Msingizie baba mdogo, ndiyo kazi ya wazazi hiyo. Akikubali, tayari umejua jambo kubwa juu yake. Akianza kukuzungusha, mara mzee yuko shamba, mara mzee anaumwa, mara ngoja mwezi ujao, basi mshukuru, uondoke na Sh180,000 yako mfukoni. Usione haya. Nauli uliyotumia kwenda Ilomba ndiyo hasara yako yote.

Mkifika kwa mzee msalimieni kama wazee wanavyosalimiwa, mkae, habari za nyumbani ziishe. Ndipo baba mdogo aulize mambo matatu tu. Chumba hiki kodi yake ni kiasi gani? Kodi aliyolipa dada inaishia tarehe ngapi? Na je, unaridhia wakae wawili? Swali la kwanza liulizwe hata kama linaona aibu kutoka. Nimeshaona chumba cha Sh40,000 kikisemwa ni cha Sh60,000, anayekuja wa pili analipa Sh30,000 na mwenyeji analala kwa Sh10,000. Kama mwenyeji ndiye aliyenunua kitanda, pazia, jiko na kila kitu, wewe kulipa zaidi kidogo si dhuluma, ila lisemwe wazi mbele yako.

Mzee akiridhia, andikeni. Karatasi moja ya daftari inatosha. Majina yenu ninyi wawili na la mwenye nyumba, chumba kiko mtaa gani, kodi kwa mwezi, mmelipa kuanzia tarehe ipi hadi ipi, umeme na maji vinalipwaje, na anayetaka kuhama atoe taarifa muda gani kabla. Mwezi mmoja ni wa haki kwa pande zote. Wekeni sahihi nyote watatu, na baba mdogo awe shahidi. Nakala tatu. Kisha ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, akufahamu kwa sura kabla hujamhitaji kwa shida.

Hela yako mpe mzee mwenyewe, isipite kwa dada. Ukiweza tuma kwa simu hata kama mmekaa kochi moja, kwa sababu ujumbe unaobaki kwenye simu una jina, kiasi, tarehe na saa, wala haulowi mvua. Ukitoa taslimu, aandike kwenye daftari lake na wewe uandikiwe kwenye lako.

Halafu hiyo miezi sita. Sh180,000 kwenye mshahara wa Sh220,000 ni mwezi mzima wa jasho lako kwa mkupuo mmoja. Mwombeni mzee miezi mitatu, Sh90,000 kwako na Sh90,000 kwa mwenzako. Wenye nyumba wengi hutaja sita kwa sababu ndiyo desturi, ila mpangaji mwenye kazi inayojulikana, aliyekuja na mzazi wake, hukubaliwa mitatu. Mimi leo nina vyumba viwili ninavyopangisha Isyesye, na nakuambia kwa dhati: mpangaji anayelipa mitatu mitatu bila kukumbushwa namthamini kuliko wa sita ambaye mwezi wa saba hapokei simu.

La dalali nalo linanikera. Udalali wa kodi ya mwezi mmoja umezoeleka pale dalali anapokutafutia chumba kitupu kwa mwenye nyumba. Hapa chumba kina mtu tayari, na alichofanya ni kukutanisha wasichana wawili. Kodi yako wewe ni Sh30,000. Iweje udalali uwe Sh60,000? Usimdhulumu mtu aliyetembea, lakini mwambie mapema kwamba utampa Sh30,000, na utampa siku mzee atakapoweka sahihi, si kabla. Na popote dalali akikudai hela ya kuzungushwa hata hujaona mlango wa chumba, mwache aende zake.

Kabla ya sahihi, nenda ukakione chumba mara mbili zaidi, usiku wa saa mbili na asubuhi saa kumi na mbili. Usiku utaona kama njia ya kutokea barabarani ina taa na watu, maana duka la dawa halifungwi mapema. Asubuhi simama uani uhesabu watu kwenye foleni ya choo. Choo kimoja kwa vyumba sita, kila chumba watu wawili, na wote mnaingia kazini saa mbili, hilo ni jambo la kulijua kabla. Ulizia pia bomba linatoa maji siku zipi. Ndani ya chumba, sogeza kitanda kidogo utazame ukuta wa nyuma yake. Ukiona rangi imefanya malengelenge au kuna ukungu mweusi chini, ukuta huo unapitisha maji ya mvua, na mvua zetu zinaanza Novemba hadi kwenye Aprili. Hicho chako kina dari, jambo jema sana. Chumba cha bati tupu Mbeya asubuhi za baridi kinadondosha matone juu ya blanketi utadhani kunanyesha ndani.

Mwisho, dada mwenyewe. Umeandika ni mcheshi na msafi. Vizuri. Lakini mcheshi wa mchana mnaweza kushindwana usiku. Kaeni siku moja mnywe chai mzungumze bila kuoneana haya. Analala saa ngapi, ana zamu za usiku? Ana mchumba, na mchumba akija wewe unakwenda wapi? Hili wasichana wengi wanaona haya kulitaja na ndilo linalovunja vyumba vingi kuliko kodi. Ndugu kutoka kijijini akija, anakaa siku ngapi? Mnapika chungu kimoja au kila mtu na sufuria yake? Ushauri wangu hapo: unga, mafuta na sabuni mchangie, mboga kila mtu na mfuko wake, maana ukitoka Kyela hutakubali kukosa samaki na yeye pengine hali. Mlango uwe na funguo mbili tu, na hakuna kumwachia jirani. Na wewe uwe na tranka lenye kufuli lako. Si kwa kumshuku. Siku kitu kikipotea, na siku hiyo huja, usilazimike kumtazama mwenzako vibaya.

Na Ilomba ikishindikana, usikate tamaa. Muulize muuza genge, mama anayekaanga vitumbua, fundi cherehani wa mtaa. Hao wanajua nani anahama kabla dalali hajasikia. Tembea mwenyewe Mama John, Sae, Simike na Mafiati, utaona maandishi ya chaki kwenye mageti, "Chumba kinapangishwa". Toa taarifa kanisani kwenu na kazini. Epuka kwa sasa Iyunga, Ikuti na Block T, kwa sababu ndiko wanafunzi wa vyuo wanakoelekea na Oktoba hadi Novemba bei huko hupanda. Baba mdogo akihama kabla hujapata, omba kwa mwenzio wa kanisani akusitiri wiki mbili kwa kuaga na kueleweka. Bora wiki mbili za kuomba kuliko miezi sita ya kujificha.

*

Shikamoo Shangazi. Sisi ni wanafunzi wanne, tumepanga vyumba viwili Ikuti karibu na chuo chetu, mita ya LUKU moja. Tunategemea bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, ile Sh10,000 kwa siku, na kila mwezi tunagombana juu ya umeme. Mmoja wetu anazima taa za wote saa nne usiku, anakataza kuchaji simu mara mbili, hata redio. Hata hivyo uniti zinaisha tu. Asubuhi kila mtu anachemsha maji ya kuoga kwa hita, ndoo moja moja, maana baridi ya huku si mchezo. Tena tukinunua umeme wa kwanza wa mwezi tunakatwa Sh1,500. Tufanyeje?

Wanne wa Ikuti

*

Marahaba wanangu. Mnagombania taa wakati mwizi yuko kwenye ndoo.

Nyie ni wasomi, hesabu hii mnaiweza kuliko mimi. Taa ya wati 10 ikiwaka saa tano kwa siku, mwezi mzima inakula uniti moja na nusu. Simu ni kidogo kuliko hiyo. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka ubaridi wa asubuhi hadi joto la kuoga kunakula zaidi kidogo ya nusu uniti. Nusu uniti mara watu wanne mara siku 30 ni uniti 60. Msiniamini kwa maneno. Kesho asubuhi someni uniti zilizobaki kwenye mita, chemsheni ndoo moja huku mmezima vingine vyote, msome tena. Tofauti iandikeni kwa kalamu nene ukutani juu ya soketi ya hita.

Hizo 60 zina ubaya mwingine. Tanesco wana daraja la matumizi madogo, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao bei yao ya msingi ni Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukizidi 75, kila uniti ya ziada ni Sh350. Kama mita yenu iko kwenye daraja hilo na mkatumia uniti 100, zile 75 za mwanzo zinawagharimu Sh7,500 na hizo 25 za mwisho zinawagharimu Sh8,750. Someni tena hapo. Kuoga kwa hita peke yake kunawasukuma ukingoni, halafu pasi na jiko la umeme vinawatumbukiza.

Kwa hiyo taa iwake, mwacheni mwenzenu asome. Ndoo ndiyo ihesabiwe. Wekeni daftari karibu na soketi, kila anayechemsha anachora mstari, mwisho wa mwezi mistari inazidishwa kwa nusu uniti na kila mtu analipa yake. Nawahakikishia wiki ya pili mtaanza kuoga jioni saa tisa au kumi, maji yakiwa yamekaa juani tangu asubuhi kwenye ndoo nyeusi. Tuliokulia Makete tuliogea hivyo.

Ile Sh1,500 ni kodi ya jengo. Ni deni la mwenye nyumba, si lenu, inakusanywa tu kupitia LUKU. Tunzeni ujumbe wa kila mwezi unaoonesha makato, kisha mwendeeni kwa adabu kabla ya kulipa kodi ya muhula ujao mkubaliane ikatwe humo. Kwa mwaka ni Sh18,000.

*

Kamwene Shangazi. Mimi na mwenzangu ni mafundi ujenzi Iringa, tumepanga chumba kimoja Kihesa. Usiku tukishapika ugali mwenzangu anaingiza jiko la mkaa ndani tuote, tunafunga mlango na dirisha tunalala. Asubuhi mbili sasa naamka kichwa kinagonga na kichefuchefu. Yeye anasema ni uchovu wa zege. Sitaki kumkwaza, kwa sababu chumba alikipata yeye na kodi ya kwanza alinikopesha.

Fundi wa Kihesa

*

Kamwene mwanangu. Si uchovu wa zege. Uchovu wa zege unauma mgongo na mabega.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina moshi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa safi, mtu anasinzia, anazidi kusinzia, na mwili haupati hata nguvu ya kufika mlangoni. Wengi hudhani jiko la hatari ni lile linalotoa moshi. Makaa mekundu, mazuri, yasiyo na moshi hata kidogo, ndiyo yanayoua watu wakiwa wamejifunika vizuri. Kichwa chako na kichefuchefu chako ni mwili wako unaokuambia kwamba mara mbili umefika karibu ukarudi.

Nimekaa kwenye msiba wa namna hii Uyole. Niliingia kusaidia kuwatoa watoto wa nyumba ile. Jiko lilikuwa bado katikati ya chumba, majivu meupe yametulia, na juu yake birika, kifuniko kimekaa sawasawa. Chini ya mlango walikuwa wamesokomeza kanga ili baridi isiingie.

Usimwogope mwenzako kwa sababu ya deni. Deni la kodi utalilipa ukiwa hai. Jiko libaki nje hadi lizimike kabisa, na kufungua dirisha kidogo si dawa, usikubali mapatano hayo. Otea nje, ukutani, kabla ya kulala. Nunueni blanketi zito la pili la mtumba mchangie, jazeni maji ya moto kwenye chupa mfunge kwa soksi muiweke miguuni, mkalale na masweta na kofia kama tulivyolala sisi. Ukiamka tena na kichwa hicho, toka nje kwenye hewa kwanza, mtoe na mwenzako, kisha mwende hospitali mkaeleze kwamba mlilala na mkaa. Usiku wa leo, kabla jiko halijaingia, mpe mwenzako ukurasa huu asome mwenyewe.